Chombo cha Wote

Aghalabu tunapokipima kitu huuliza kinaleta faida gani. Dukani swali hilo ni la haki. Je, ni la haki pia pale ambapo bahari imeikata njia?

Nafikiri juu ya visiwa vya Karibi ya Mashariki. Mwaka 1956 Frank Delisle alianzisha LIAT, ndege yake ndogo ikiruka kati ya Antigua na Montserrat. Mwaka 1958 visiwa vingi vya huko viliungana katika Shirikisho la West Indies. Mwaka 1962 shirikisho likavunjika, lakini ndege ziliendelea kuruka. Na mwaka 1974, kampuni ya Kiingereza iliyoimiliki LIAT ilipofilisika, serikali 11 ziliinunua ili njia isifungwe.

Basi ikawa mali ya wote. Watu waliitania kwa kuchelewa na kupoteza mizigo, na bado waliipanda: mwanafunzi akienda chuo kikuu Barbados, mgonjwa akimfuata daktari, mwana akiwahi maziko ya mamaye. Hasara ilipokuja, waliobeba mzigo walikuwa wachache, ilhali kila kisiwa kilitaka ndege itue kwake na kutoza kodi juu ya tiketi. Nahodha wengi, chombo huenda mrama. Mwaka 2020, korona ilipofunga anga, kampuni ilikabidhiwa kwa msimamizi wa madeni, na mamia ya wafanyakazi wakayangoja mafao yao kwa miaka. Mwaka 2024 kampuni mpya, yenye jina karibu lile lile, ilianza kuruka.

Atasema mtu: kisichojilipia na kife. Hoja hiyo ina uzito, maana fedha ya kuziba hasara hutoka katika mfuko ule ule wa dawa na shule. Lakini barabara ya bara hatuidai ilete faida. Twajua faida yake imo katika soko na hospitali zilizoko mwishoni mwake. Kwa mtu wa kisiwani, ndege ndiyo barabara.

Ila nikikubali hivyo, sina budi kukubali na la pili: barabara hujengwa kwa mchango wa wote waipitao. Kuiita kitu “chetu” wakati wa kupanda, na “chao” wakati wa kulipa, ni dhuluma, na wa kwanza kudhulumiwa ni yule aliyekitumikia. Msomaji, nawe unacho chombo kama hicho. Umelipa fungu lako?