Mtoto Apumuaye kwa Shida: Damu, Dawa na Amri ya Tano



Katika sharika za Iyula na vijiji vilivyo karibu, wazazi huuliza swali ambalo si la waganga peke yao. Mtoto amezaliwa, naye apumua kwa shida. Apelekwa hospitali, mganga amtoa damu, aanza kumchoma sindano za dawa, kisha pengine siku ya tatu asema dawa iachwe. Mzazi huuliza: Je, ni haki kumtia maumivu mtu ambaye hata jina bado hajapewa? Na kama dawa ilikuwa njema jana, mbona leo yakatazwa? Swali hili ni la Amri ya Tano, maana lahusu uhai wa jirani. Basi yatupasa kulifikiri kwa utaratibu.

Kwanza tulijue jambo lenyewe. Mtoto akiwa tumboni, mapafu yake yamejaa maji. Azaliwapo, maji hayo huondoka, na hewa huingia mahali pake. Kwa watoto wengine, hasa waliozaliwa kwa mama kupasuliwa, maji hukawia. Hao hupumua mbio, na mara nyingi hupona baada ya siku moja hata tatu. Wengine wamezaliwa kabla ya wakati, na mapafu yao hayajapata ule utelezi unaozuia vifuko vya hewa visishikamane. Patrick, mwana wa Kennedy aliyekuwa Rais wa Marekani, alikufa kwa ugonjwa huo mwezi wa Agosti 1963, akiwa na siku mbili tu, wala ukuu wa baba yake haukumfaa kitu. Wengine wamevuta choo chao cha kwanza ndani ya mapafu. Na wengine wameingiwa na vijidudu katika mapafu au katika damu. Hao wasipopata antibiotiki upesi, waweza kufa kwa muda wa saa chache.

Taabu ni hii, ya kwamba kwa macho hao wote hufanana. Mkulima wa kahawa aonapo majani yamekuwa manjano, hajui bado kama ni njaa ya udongo, au ni ukame, au ni kutu. Aliye na akili hugeuza jani atazame upande wa chini, kama iko ile vumbi ya rangi ya chungwa. Kumtoa mtoto damu ni kuligeuza jani.

Wako waogopao wakisema, damu ndiyo uhai, nayo ya mtoto ni kidogo. Ni kweli, na Maandiko yatufundisha kuiheshimu damu. Walakini mtoto wa kilo tatu ana damu ipatayo mililita 240, na kipimo huhitaji mililita moja au mbili, yaani chini ya nusu ya kijiko cha chai. Maumivu ya sindano hupita upesi. Anayekataa maumivu hayo kwa huruma, na azitazame huruma zake vizuri: zamwokoa mtoto, au zayaokoa macho ya mzazi yasione mtoto akilia?

Lakini tusiseme kwamba damu hujibu kila neno. Kipimo kiitwacho CRP hupanda polepole. Vijidudu vikiisha kuingia, huweza kuchukua saa 12 hata 24 kabla hakijaonekana. Kwa hiyo kipimo cha mapema kikiwa safi, hakitoshi kumwondolea mtoto mashaka. Kipimo kingine huiotesha damu katika chupa, nacho chahitaji siku mbili hivi. Mtoto mgonjwa hawezi kungojea siku mbili. Kwa hiyo mganga huanza dawa kabla hajajua, mara nyingi ampisilini pamoja na jentamaisini. Je, atenda kwa uongo? La. Hasemi kwamba amejua. Asema tu kwamba hatari ya kungoja ni kubwa kuliko hatari ya kuanza. Na majibu yakija safi, na mtoto akiwa anyonya na kupumua vema, huiacha dawa kwa uaminifu ule ule.

Hapo mama hunung'unika: Mtoto alipona kwa sindano, kwa nini mwaziondoa? Ndugu, jambo likifuata jingine, haikuthibitika kwamba limezaliwa nalo. Jogoo huwika, kisha jua huchomoza. Jogoo hakuliita jua. Mapafu yenye maji hukauka pasipo sindano.

Tena dawa hizi si maji. Jentamaisini yaweza kudhuru masikio na figo, na antibiotiki huua hata vijidudu vyema vilivyomo tumboni mwa mtoto. Zaidi ya hayo, vijidudu vibaya vinavyobaki hujifunza kuishinda dawa. Alexander Fleming, aliyeivumbua penisilini mwaka 1928, alionya jambo hili mwaka 1945 alipopokea Tuzo ya Nobel. Nasi tumeliona kwetu. Katika Hospitali ya Muhimbili, mwaka 2001 na 2002, ilichunguzwa damu ya watoto zaidi ya 1,800 waliolazwa. Miongoni mwa wale waliokuwa na vijidudu vya jamii moja katika damu, zaidi ya 40 katika kila 100 walikufa, yaani zaidi ya mara mbili ya waliouawa na malaria. Na waliopewa dawa isiyoweza tena kuvishinda vijidudu vyao walikuwa katika hatari kubwa zaidi.

Basi antibiotiki ni kama chemchemi ya kijiji. Mtu aweza kuichafua akiwa nyumbani kwake, naye hamwoni atakayekunywa. Anayenunua vidonge dukani kwa kubahatisha, na anayeikatiza dawa njiani pasipo amri ya mganga, amtwalia mtoto wa jirani kinga yake.

Mtu atajibu: Je, nimtoe mwanangu kwa ajili ya watoto wa wengine? Hasha! Mtoto aliye mgonjwa na apewe dawa yote aliyoandikiwa hata mwisho. Upendo haudai dhabihu hiyo. Wadai tu tusitumie hazina ya wote ili kuituliza hofu yetu. Luther, tauni ilipoingia Wittenberg mwaka 1527, aliandika kwamba adharauye dawa amjaribu Mungu, na asiyejilinda aweza kuwa na hatia ya kifo cha mwenzake. Maneno hayo yote mawili yatuhusu: asiikatae dawa aihitajiye, wala asiitumie ovyo asiyeihitaji.

Nanyi wainjilisti na walimu, wafundisheni wazazi. Mtoto mchanga akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika, akibonyea kifua, akikoroma, akikataa kunyonya, akiwa baridi au moto kupita kiasi, asingoje asubuhi. Mama amkumbatie ngozi kwa ngozi, wamfunike, waende hospitali. Mkiitwa kumbatiza kwa dharura, mbatizeni, maana ni haki. Walakini gari lisingojee wimbo. Maombi yaweza kusafiri pamoja na mtoto.

Yeye aliyempulizia Adamu pumzi ya uhai ndiye atupaye pia akili ya kuilinda. Amin.