Muungwana ni Vitendo

Waingereza wana msemo unaomtaka mtu aenende kama anenavyo. Waswahili wamelisema jambo hilo kwa ukali zaidi: ada ya mja hunena, muungwana ni vitendo. Kunena ni desturi ya kila mtu. Kutenda ni cheo. Napenda kuipima methali hii Ujiji, kwa sababu zamani katika mji ule muungwana hakuwa mtu wa adabu tu. Alikuwa mtu asiye mtumwa.

Machi 1869 David Livingstone aliwasili Ujiji akiwa mgonjwa wa mapafu. Kwa miaka mingi kinywa chake kilikuwa kimelaani biashara ya watumwa. Lakini aliyemwuguza na kuagiza abebwe njiani alikuwa Mohamed bin Gharib, mfanyabiashara wa pembe na watumwa. Aliyelaani alikula chakula cha aliyelaaniwa, akafuata misafara yake. Julai 1871, huko Nyangwe kando ya mto Lualaba, aliona kwa macho yake watu wa wafanyabiashara wakiwapiga risasi wanawake na wanaume waliokuja sokoni. Akarudi Ujiji mnyonge na maskini, na huko Henry Morton Stanley akamkuta.

Je, alikuwa mnafiki? Mwepesi wa kuhukumu atajibu ndiyo. Mimi nasita. Mnafiki huuza neno lake apate raha. Livingstone alipokea wema, wala hakulipa kwa kunyamaza. Aliandika habari za Nyangwe, na mwaka 1872 Stanley akazipeleka barua zake pwani. Habari hizo ziliwasha hasira Uingereza, na tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash, kwa kushurutishwa na Waingereza, alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja.

Hata hivyo, kitendo chake kilikuwa kifupi kuliko neno lake. Kitendo kirefu tukitafute kwa wengine. Alipofariki Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, Susi na Chuma waliweza kwenda zao, wala pasingekuwa na wa kuwalaumu. Chuma mwenyewe alikuwa ameokolewa mikononi mwa wauza watumwa mwaka 1861. Wao na wenzao waliuzika moyo wake pale, wakaukausha mwili, wakauchukua zaidi ya kilometa 1,500 hadi Bagamoyo, Februari 1874. Aprili mwili ulizikwa Westminster, na wawili hao hawakuwapo.

Basi neno jema lililo kubwa kuliko kitendo si uongo. Ni deni, kama ahadi ilivyo deni. Mwenye kulikiri na kulipunguza kila siku ni mwaminifu, ajapokufa hajalimaliza. Mnafiki ni yule anayelikana. Leo Ujiji pana ukumbusho wa Livingstone na Stanley. Msomaji ukifika, wasome hao wawili. Kisha uwakumbuke Susi na Chuma, ambao kwa miguu yao walistahili jina la waungwana.