Ajali ya Njiani ni Deni la Nani?

Wenye kazi wengi husema ya kwamba mtumishi akiisha kutoka langoni, yu juu ya nafsi yake; akigongwa na gari njiani ni msiba, wala si neno la kazi. Yafaa tulipime neno hili, maana wengi wetu hutoka alfajiri na kurudi usiku.

Mtu akiazima ng'ombe wa jirani, akamlimisha tangu macheo hata machweo pasipo maji, kisha akamwachilia arudi gizani, naye akaanguka mtaroni akavunjika mguu, je, wazee wa baraza watamkubalia akisema, "Kulima kulikuwa kumekwisha"? Sidhani. Watauliza nguvu za miguu ile ziliishia wapi.

Uchovu haubaki kiwandani pamoja na nyundo. Mwaka 1997 wataalamu wawili wa Australia, Dawson na Reid, walionyesha ya kuwa mtu aliyekaa macho saa 17 hupungukiwa na wepesi wa mkono na jicho, sawasawa na mtu mwenye kileo cha asilimia 0.05 katika damu yake. Tena mwaka 2005 zilichapishwa habari za madaktari vijana wa Marekani: baada ya zamu ya saa 24 au zaidi, hatari yao ya kupata ajali ya gari ilizidi mara mbili kuliko baada ya zamu fupi. Nao ni watu waliosomea mwili! Kujua madhara ya kukesha hakukuwaondolea usingizi.

Kuna na haraka ya asubuhi. Msimamizi akikata ujira wa siku nzima kwa kuchelewa robo saa, atashangaaje akisikia mtu wake alivuka barabara mbio?

"Lakini," atasema mwenye kazi, "sikumchagulia nyumba, wala sikumtuma apite kilabuni." Ni kweli. Alewaye baada ya zamu amejitwika mzigo wake mwenyewe, na si haki kumtwisha mwingine. Kwangu mimi mpaka ni huu: je, kazi ilitia mkono katika ajali ile, kwa saa zake, kwa adhabu zake, au kwa gari lake bovu?

Ujerumani iliihesabu ajali ya njiani kuwa ya kazi tangu 1925. Sheria ya Kenya ya 2007 yahesabu safari ya gari la bure alilolitoa mwajiri kwa kusudi hilo. Aendaye kwa miguu kifungu hicho hakimtaji, ingawa huenda ndiye aliyechoka zaidi.

Gumu zaidi ni jambo la mlinzi wa usiku ambaye ujira haumtoshi, hata mchana hufanya kibarua kwa mtu mwingine. Akisinzia juu ya baiskeli jioni akienda lindoni, bwana wa usiku humtazama bwana wa mchana, na wa mchana humtazama wa usiku. Mimi ningeanza kwa kuuliza habari za ule ujira.