Uzushi na Ubunifu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyempa mwanadamu mikono miwili na akili ya kuiongoza. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Katika darsa yetu ya baada ya Isha kijana mmoja alituuliza swali ambalo twaona lafaa kujibiwa mbele ya watu wote, kwani wenye kulificha moyoni ni wengi. Baba yake ni seremala, na babu yake alikuwa seremala. Kijana huyu ameona kwamba watu wengi mjini leo wamepanga chumba kimoja, mume na mke na watoto, na kitanda cha samadari hakiwaachii hata mahali pa kutandika msala. Akataka kuunda kitanda ambacho mchana hukunjwa kikasimama ukutani. Baba yake akamkataza, akamwambia: "Usituletee bidaa katika kazi ya wazee." Basi kijana akauliza: Je, ni kweli kwamba mwenye kubuni jambo jipya katika kazi yake aingia katika lile onyo la Mtume (S.A.W.) juu ya uzushi?

Twamjibu kwa kusema kwamba baba huyu hakukosea kwa ubaya wa nia. Amelichukua neno zito la dini akaliweka pasipokuwa pake.

Uzushi ulioonywa ni ule wa mtu kuongeza katika dini jambo lisilokuwamo, akaliita ibada na akataraji thawabu kwalo. Wanavyuoni wametuwekea kanuni iliyo wazi. Katika ibada, asili ni kuzuiliwa mpaka ije dalili. Katika mambo ya maisha, kama kujenga, kulima, kuuza na kuunda vyombo, asili ni ruhusa mpaka lije katazo. Mwenye kuzichanganya kanuni hizi mbili atapata khasara pande zote mbili: ataongeza katika sala yake na atapunguza katika riziki yake.

Dalili ya haya imo katika khabari aliyoipokea Imamu Muslim. Mtume (S.A.W.) aliwapita watu wa Madina wakipandisha mitende, yaani wakitwaa unga wa mtende dume na kuutia katika jike. Akasema neno lililowafanya wakaacha. Mavuno yakaharibika. Walipomweleza, akawajulisha kwamba wao ndio wajuzi zaidi wa mambo ya dunia yao. Ikiwa yeye, naye ni mbora wa viumbe, aliwaachia wakulima ujuzi wao, basi sisi ni nani hata tumfungie seremala bawaba zake kwa jina la dini?

Tena tuangalie mwaka wa 5 wa Hijra, makundi yalipoujia mji wa Madina. Salman Mfursi alitoa shauri la kuchimba handaki, na Waarabu hawakuwa na desturi hiyo katika vita vyao. Mtume (S.A.W.) alilikubali, naye mwenyewe akachimba na kuchukua mchanga. Hakuna katika masahaba aliyesema, "Hili hatukuwakuta nalo baba zetu." Na tukumbuke kwamba kauli hiyo, ya kushikilia jambo kwa kuwa ndilo waliloshika mababa, Kurani yaitaja mara nyingi katika vinywa vya wale waliowakataa Mitume. Kisha hicho Kitabu chenyewe chatueleza kwamba Nabii Nuhu aliunda merikebu huku watu wake wakimcheka, na kwamba Nabii Daudi alilainishiwa chuma, akaamrishwa kufuma deraya na kuzipima sawasawa pete zake. Tazama amri hiyo: ni Nabii, na juu ya unabii ameambiwa apime pete!

Mfano wa haya tuliouona kwa macho yetu hauko pwani, uko bara, nasi twamwomba msomaji wa mjini asikunje uso. Kila apitaye karibu na Ngome ya Mombasa ameona, katika vibanda vya wauzao vitu kwa watalii, vibakuli, sahani, vinara vya mishumaa na wanyama wa jiwe laini, jeupe, la waridi au la kijivu. Hilo ni jiwe la Kisii, ambalo wengine huliita jiwe la sabuni kwa ulaini wake. Sisi tulikuwa tukilipita tu, mpaka siku tuliyokwenda Kisii na Nyamira kuwazuru ndugu zetu Waislamu, wakiwemo Wanubi ambao wazee wao walikuwa askari katika jeshi la Mwingereza. Wenyeji wetu wakatupeleka Tabaka, mahali lichimbwapo jiwe hilo.

Hapa twatanguliza neno ili tusifahamiwe vibaya. Hukumu ya sanamu za viumbe wenye roho yajulikana, wala hatukwenda Tabaka kuzihalalisha. Twajua pia kwamba Tabaka imetoa mchongaji mashuhuri, Elkana Ong'esa, ambaye ndege wake wa jiwe amewekwa katika makao ya UNESCO mjini Paris. Na watu wakitaja ubunifu wa Wakisii, mtu kama huyo ndiye wamkusudiaye. Lakini lililotushughulisha sisi ni lile lisiloitwa sanaa na mtu yeyote.

Tuliona jiwe likichimbwa kwa mikono, likikatwa kwa msumeno na kuchongwa kwa panga na visu. Tuliona wanawake wameketi na mabeseni ya maji, wakisugua kila chombo kwa msasa mkali kwanza, kisha kwa msasa laini, mpaka kikawa kama kimepakwa mafuta. Kisha hutiwa nta. Tuliona vibakuli vikipakwa rangi, halafu fundi akikwaruza juu yake kwa ncha ya chuma, na weupe wa jiwe ukatokeza chini ya rangi ukawa nakshi. Jambo hilo ni dogo, lakini lilikuwa na siku yake ya kwanza, na mtu wake wa kwanza, ambaye jina lake halikuandikwa popote. Na huyo mama mwenye beseni, aijuaye kwa ncha za vidole saa ya kubadilisha msasa, hakuna amwitaye msanii. Huitwa kibarua.

Kutoka hapo tulikwenda Nyamira, tukaona jambo jingine. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2019, Kisii ilikuwa na watu 1,266,860 na Nyamira 605,576. Na katika Kisii kila kilomita moja ya mraba ina watu zaidi ya 900. Ardhi yao ni ya milima, na shamba la babu limegawiwa wana, kisha wajukuu, hata fungu la mtu mmoja huwa ni kipande cha mteremko tu. Lakini tazama wakifanyacho kipande hicho. Juu pana chai, ambayo majani yake hupelekwa kiwandani. Katikati pana migomba. Kwenye kingo za matuta pamepandwa majani ya kulishia ng'ombe, na mizizi yake huzuia udongo usichukuliwe na mvua. Ng'ombe amefungwa bandani, hakanyagi shamba. Majani humwendea yeye, na samadi yake huirudia migomba. Karibu na mlango pana mboga: mgagani, ambao wao wauita chinsaga, na mnavu. Hakuna kitu kinachotoka mahali pamoja ila kimekuwa riziki ya mahali pengine. Mwenye shamba hilo hukuliambii kwamba amebuni kitu, ukimsifu atacheka. Walakini akili iliyopanga yote hayo juu ya mteremko mmoja haipungui akili ya mwenye kutunga kasida yenye vina vya kati na vya mwisho.

Na kabla ya hospitali kuenea, Wakisii walikuwa na mafundi waitwao ababari, waliokuwa wakimfungua kichwa mtu aliyepigwa akabaki na maumivu yasiyokwisha. Walikuwa wakiukwangua mfupa wa fuvu polepole kwa visu vyao, na wagonjwa wengi wakiishi. Madaktari walioandika khabari zao katika karne ya 20 waliona ajabu. Hatumshauri mtu leo amwachie fundi wa namna hiyo kichwa chake. Hospitali zipo, na kujilinda na khatari ni wajibu. Twasema tu kwamba watu ambao sisi wa pwani tulizoea kuwaita washenzi, kwa kiburi ambacho twamwomba Mungu atusamehe, hawakungoja mtu awape ruhusa ya kufikiri.

Basi turudi kwetu, na hapa ndipo penye uchungu. Wazee wetu hawakuwa hivi tulivyo. Waliushona mtepe kwa kamba za nazi, bila ya msumari mmoja, ukavuka bahari. Walichoma matumbawe wakapata chokaa. Walipima vyumba vyao kwa urefu wa boriti ya mkoko, na ndiyo sababu nyumba kongwe za Lamu vyumba vyake ni vyembamba. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Mungu amrehemu, alipotoa gazeti lake la Sahifa mwaka 1930, kisha Al-Islah mwaka 1932, hakukuta baba zake wakitoa magazeti kwa Kiswahili. Aliona haja, akatumia chombo kilichokuwapo. Hakuna ada ila ilikuwa na siku yake ya kwanza.

Lakini sisi tumeigeuza ile kanuni juu chini. Tumekuwa wepesi wa kuzua katika dini na wazito wa kubuni katika kazi. Mtu akifa, twabuni siku za kula kwa wafiwa, na kila mwaka masinia yaongezeka, hata mjane huuza bangili zake ili wageni wasimseme. Harusini twabuni siku juu ya siku na sare juu ya sare, na bwana arusi huanza ndoa yake na deni. Hirizi zina fundi wa kila namna. Akili tunayo, alhamdulillahi! Ila tumeitumia mahali tulipoamrishwa kusimama, na tumeilaza mahali tulipoamrishwa kwenda. Kisha twakaa barazani tukauliza kwa nini kazi za mji zimeshikwa na wengine.

Atasema msemaji: "Mwatuambia tujifunze kwa watu wasiokuwa wa dini yetu?" Twamjibu: Mtume (S.A.W.) alipohama Makka, roho yake ikitafutwa, aliajiri kiongozi wa njia ambaye hakuwa Mwislamu, kwa kuwa aliijua njia na alikuwa mwaminifu. Aliyependa kujua zaidi na asome sira.

Hata hivyo hatusemi kwamba kila kipya ni chema. Mpishi wa pombe naye ana ubunifu, na mghushi wa mizani ana ubunifu zaidi ya mwenye mizani sawa. Kwa hiyo ubunifu wapimwa kwa mambo matatu. La kwanza, kitu chenyewe kiwe halali. La pili, kiwe cha kweli: kifanye kazi ile muuzaji aliyoisema, na ila yake isifichwe chini ya rangi. La tatu, kisimdhuru mtu, si mnunuzi wala mfanyakazi. Na hapa twamkumbuka yule mama wa Tabaka na wenzake wakatao jiwe kavu, na vumbi lililotanda hewani, vumbi ambalo likizoea kuingia kifuani hudhuru mapafu. Kwa maoni yetu, mtu atakayebuni njia rahisi ya kulizuia vumbi lile lisiwafikie wafanyao kazi atakuwa amefanya jambo zuri kuliko sanamu yoyote iliyotoka katika mlima ule, ijapokuwa halitawekwa Paris wala halitatazamwa na mtalii. Zuri mbele ya Mwenyezi Mungu ni lile linalomwondolea mja wake dhara.

Sasa twamgeukia yule kijana. Mwanangu, kitanda chako si uzushi. Ni kazi ya mkono wako, na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba hakuna chakula bora kuliko anachokula mtu kwa kazi ya mikono yake, na kwamba Daudi alikuwa akila kwa kazi ya mkono wake. Ukinuia kuwapa watu wa chumba kimoja mahali pa kusali na mahali pa watoto kusoma, twataraji utaandikiwa ujira. Lakini usimshinde baba yako kwa maneno. Randa unayoishika yeye ndiye aliyekufundisha kuishika. Unda kitanda kimoja kwa mbao zako mwenyewe, kiweke nyumbani kwenu, ulale juu yake wewe na ndugu yako mzito kuliko wote, mwezi mzima, kabla hujakiuza hata kimoja. Bawaba ikivunjika, na ivunjike chini yako, isivunjike chini ya mtoto wa mtu.

Na baba yake twamwambia kwa heshima: wazee waliotangulia walilala juu ya kitanda cha kamba, na samadari iliwajia kutoka ng'ambo ya bahari. Hicho unachokilinda leo kuwa ni kazi ya wazee, kilikuwa kipya mlangoni kwa mtu. Uliyoyapokea kwa wazee si kitanda tu. Ni jicho la kupima, mkono usiofanya haraka, na haya ya kutomuuzia mtu ubao mbovu. Hayo mpe mwanao yote, asipotewe na hata moja. Kitanda mwachie yeye.

Mwenyezi Mungu atuonyeshe mahali pa kusimama tusimame, na mahali pa kwenda twende. Wabillahi taufiki.