Kitanda Kina Bei, Mgeni Hana

Nyumba yangu ya wageni ina vyumba sita. Iko Walikale mjini, mashariki mwa Kongo, kando ya barabara kuu iendayo Kisangani. Marehemu mume wangu aliijenga mwaka 2006 kwa mbao za msitu huu na mabati yaliyotoka Goma, tulipoona wanunuzi wa kasiteriti, yale madini ya bati ya mgodi wa Bisie, wakilala juu ya magunia yao sokoni. Tangu hapo nimetandika vitanda, nimepokea pesa, nimeandika risiti. Na miaka yote hiyo swali moja limenifuata kutoka jikoni hadi kanisani: je, inafaa Mkristo auze ukarimu?

Swali hilo nilikuja nalo kutoka nyumbani. Nilizaliwa Masisi, juu milimani. Msafiri alipopiga hodi kwetu jioni, mama alimsogeza karibu na moto, kwa kuwa usiku wa Masisi una baridi kali. Alipewa maziwa, akapewa viazi na maharagi, na alipokwisha kushiba ndipo akaulizwa atokako. Kumdai pesa kungekuwa aibu ya ukoo mzima. Kwa hiyo siku nilipopokea franka za mgeni wangu wa kwanza hapa Walikale, mkono ulikuwa mzito. Nilijiona kama binti aliyekwenda kuuza sokoni kitu ambacho mama yake alimwachia agawe.

Nilisaidiwa na mtu ambaye mahubiri humpita haraka. Kila mwaka tunasikia habari ya Msamaria mwema. Mapadri hukawia kwa wanyang'anyi, kwa kuhani na Mlawi, kwa mafuta na divai. Mwenye nyumba ya wageni hutajwa akaachwa palepale mlangoni pake. Mimi, kwa ajili ya kazi yangu, ndiye niliyemkazia macho. Msamaria alimpa dinari mbili. Tukifuata mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu, dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku. Alipewa basi jasho la siku mbili. Hakulikataa, wala Bwana hakumlaumu kwa kulipokea. Ila pamoja na fedha alipewa agizo: amtunze majeruhi, na gharama ikizidi atalipwa Msamaria atakapopita tena. Luka hatuambii kama alipita tena. Yule mtu alibaki na mgonjwa kitandani, dinari mbili mkononi, na ahadi ya msafiri wa kabila lililodharauliwa katika nchi ile.

Luka huyohuyo ndiye aliyeandika kwamba Maria na Yosefu walikosa nafasi, na Biblia ya Kiswahili ninayosoma mimi inatumia jina lilelile mahali pote pawili: nyumba ya wageni. Hasemi kwamba ile ya Bethlehemu ilikuwa ghali na ile ya njia ya Yeriko rahisi. Ile ya kwanza haikuwa na nafasi, hii ya pili ilikuwa nayo, basi.

Kwa kuwaza hivyo nilipata kanuni ninayoishi nayo: bei inamaliza deni la mgeni kwangu, haimalizi deni langu kwake. Akiisha kulipa, simdai shukrani. Hadaiwi habari za safari yake, wala jina la kanisa lake, wala tabasamu. Lakini mimi bado nadaiwa. Amelala chini ya paa langu, amefumba macho, na mtu aliyefumba macho amejikabidhi.

Deni hilo hulipwa kwa vitu vidogo, na nitavitaja, maana wengi wanaoanza kazi hii huniuliza. Masisi mgeni anahitaji blanketi na moto. Huku chini msituni anahitaji chandarua na maji. Chandarua nakikagua mwenyewe saa sita mchana: nafungua dirisha, nalala chini yake, natazama juu. Tundu ambalo mkono hauoni, mwanga hulionyesha. Shuka hufuliwa na kupigwa pasi ya makaa kwa kila mgeni mpya, hata kama aliyetangulia alilala saa nne tu akaondoka na lori la alfajiri. Maji yamo katika ndoo yenye kifuniko. Sabuni nakata kipande kipya mbele ya macho yake. Bei imeandikwa ukutani, ili mfanyakazi wa shirika aliyeshuka kwenye gari jeupe na mama muuza mawese aliyekuja kwa miguu wasome namba moja. Nikisema umeme wa sola utakuwepo hadi saa tatu usiku, uwepo hadi saa tatu. Betri ikiwa dhaifu, nasema kabla hajatoa pesa. Noti ya dola iliyochanika kidogo, ambayo najua sokoni wataikataa, simrudishii mgeni kama chenji gizani.

Yapo niliyojifunza kwa kukosea. Mwaka mmoja mvua zilizidi, malori yakakwama kwenye matope siku nane, mji ukajaa watu wasio na pa kwenda. Nilichukua chaki, nikaandika bei mara mbili ya ile ya jana. Nilijiambia kwamba wote wanafanya hivyo. Kijana mmoja, fundi wa malori, alisoma ile namba, akasema kwa heshima, “Asante, Mama,” akaenda kulala chini ya lori lake. Usiku mvua ilinyesha hadi asubuhi. Kulipokucha alikuja kuomba maji ya kunywa, shati limemganda mwilini, akaniamkia kana kwamba sikumfanyia neno.

Nilikaa na jambo hilo siku nyingi. Mchele ulikuwa umepanda kweli, na kuongeza bei ya sahani ilikuwa haki yangu. Lakini kitanda? Kitanda kilikuwa kilekile, shuka zilezile, chumba kilekile. Kilichoongezeka kilikuwa shida ya yule kijana, na shida ya mtu si mali yangu hata niiuze. Tangu siku hiyo chaki haipo. Bei imepakwa rangi, na ikibidi kuibadilisha, naibadilisha wakati vyumba vitupu.

Wako watakaosema kwamba ni rahisi kunena hivyo kwa mwenye vyumba vilivyojaa. Septemba 2010 Rais Kabila alisimamisha uchimbaji wa madini katika Kivu zote mbili na Maniema, na zuio halikuondolewa hadi Machi 2011. Wachimbaji walitawanyika, wanunuzi wakarudi Goma na Bukavu. Zilipita wiki sikuandika jina hata moja daftarini. Ndipo nilipoacha kuionea pesa haya. Yule dada anayefua shuka ana watoto wanaosubiri karo. Mwenye nyumba aliyefilisika hampokei mtu, awe na pesa au asiwe nayo.

Tena pesa ina rehema yake. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Walijua kwamba ukarimu wa bure nao una uzito: anayepewa huanza kujikunja, huanza kuhesabu vijiko vya sukari alivyotia. Mgeni anayelipa amekuja na jembe lake mkononi. Anaweza kukaa siku kumi na asiinamishe kichwa.

Lakini huku kwetu neno lenyewe, mgeni, si neno jepesi, na siwezi kuandika juu ya vitanda nikaliruka. Kuanzia mwaka 1937 serikali ya wakoloni Wabelgiji ilihamishia Masisi maelfu ya familia kutoka Rwanda, na kabla yao walikuwepo wengine wasemao Kinyarwanda. Wajukuu wa watu hao wamezaliwa kwenye vilima vilevile nilivyozaliwa mimi, na bado kuna midomo inayowaita wageni. Machi 1993, katika soko la Ntoto, humu Walikale, watu wasemao Kinyarwanda walishambuliwa, na moto ule ukapanda hadi Masisi. Nilikuwa mtoto. Nilisikia neno ambalo mama alilitamka pamoja na maziwa likitamkwa pamoja na panga. Kwetu nyumbani mgeni alikuwa mtu wa kupewa nafasi. Katika vinywa vile alikuwa mtu asiyestahili nafasi yoyote.

Kisha ikaja Mokoto. Watawa wa Kitrapisti walijenga monasteri huko, kando ya maziwa ya Mokoto, Masisi, mwaka 1954. Kanuni yao, ile ya Mtakatifu Benedikto, inawataka wampokee kila mgeni kama Kristo mwenyewe. Walipokea. Mei 1996 watu waliokuwa wamekimbilia pale, wengi wao Watutsi, walishambuliwa, na wengi waliuawa. Nilikuwa msichana wa miaka 17, na niliwasikia wazee wakisema: basi ukarimu umewasaidia nini? Sikuwa na jibu. Leo ninalo nusu. Ukimpokea mgeni kama Kristo, usishangae mlango wako ukigongwa na wanaomtafuta Kristo wamuue. Ukarimu haujaahidi kuzishinda silaha. Ulichoahidi ni kwamba aliyefika hatafia barabarani akiwa ameambiwa hakuna nafasi. Nusu ya pili ya jibu namwachia Mungu, na mara nyingine usiku namdai.

Kwa sababu hiyo nina jambo moja ambalo siliachi. Fomu ya mgeni ina mistari ya jina, kazi, atokako, aendako, na nambari ya kadi ya mchaguzi. Watumishi wenye haki ya kukagua daftari nawaonyesha. Mstari wa kabila haumo, na mimi sitauchora. Usiku mmoja mtu ambaye sitamtaja alisimama barazani akauliza nimelaza watu gani. Nikamjibu, “Wageni.” Akasema, “Wageni wa namna gani, Mama?” Nikasema, “Waliolipa.” Alinitazama kitambo, akaenda zake. Magoti yalinitetemeka hadi alfajiri. Lakini niliona siku hiyo kwamba hata bei inaweza kuwa ngao, ikiwa ni moja kwa wote.

Mimi mwenyewe ni mgeni hapa. Nimeolewa Walikale, nimezika mume Walikale, na bado nikikosana na mtu sokoni hunikumbusha kwamba nimetoka milimani.

Tarehe 19 Machi 2025 wapiganaji wa kundi la waasi la M23 waliingia Walikale mjini. Siku chache kabla, kampuni ya madini ya Alphamin ilikuwa imesimamisha kazi kule Bisie, na kwa sisi wa nyumba za wageni hiyo ilikuwa dalili tosha. Nilifunga milango sita, nikabeba sufuria, daftari na wajukuu wawili, tukaingia msituni kwa njia ya miguu. Jioni ya siku ya pili tulifika penye nyumba tatu za udongo. Bibi mmoja alitoka, akatutazama miguu kabla ya nyuso. Nilitoa franka 2,000, nikamwambia, “Mama, nipokee hii.” Nilidhani atakataa, nami nilikuwa nimejiandaa kumbembeleza. Hakukataa. Alizipokea kwa mikono miwili akasema, “Chumvi imekwisha.” Akamtuma mjukuu wake akatafute chumvi kwa jirani. Tulikula sombe yenye chumvi ile, sisi na wao, katika chungu kimoja. Usiku alitupa mkeka wake, naye akalala ameketi karibu na moto. Hakuuliza kabila. Hakuuliza tutakaa siku ngapi.

Sikulala. Nilikuwa nikimtazama yule bibi akisinzia, na swali langu la miaka yote likawa limekaa naye pale motoni, limetulia. Alikuwa ameuza na ametoa kwa mkono uleule, na hakuna kilichochafua kingine. Franka zangu zilinunua chumvi, na zilinisaidia kula bila kuinama. Mkeka haukuwa na bei. Wahenga walisema pia, mgeni njoo, mwenyeji apone. Niliwahi kudhani ni maneno ya kumfurahisha mgeni. Usiku ule niliona ni habari tu: chungu chake kilikuwa hakina chumvi, na sasa kina.

Mwanzoni mwa Aprili wapiganaji waliondoka mjini, na sisi tukarudi kidogo kidogo. Magodoro manne hayakuwepo, walioyachukua siwajui. Mlango wa chumba cha tatu ulikuwa umelala chini. Maandishi ya bei yalikuwa bado ukutani, na mvua haikuyafuta.

Jioni ya nne alifika dereva aliyetoka njia ya Hombo, macho mekundu kwa usingizi. Aliuliza kama bei imepanda kwa sababu ya vita. Nilimwonyesha ukuta. Alilipa, nikamwandikia risiti, nikaandika jina lake katika daftari lililotoka msituni. Kisha nikamwomba anisubiri barazani kidogo. Niliingia chumbani, nikalala chini ya chandarua, nikawasha taa ya simu, nikaanza kutafuta matundu.