Siku Moja na Mwaka Mzima

Je, ni haki mtu apimwe kwa siku moja hali amefanya kazi mwaka mzima? Swali hili nimeishi nalo tangu nilipotoka chuo cha ualimu na kushika chaki. Sikutegemea kwamba uzeeni ningelazimika kulitafakari upya kwa sababu ya mpira wa kikapu, tena unaochezwa Marekani, nchi ambayo sijaikanyaga. Msomaji wangu namwomba anivumilie nimweleze mpira kwanza, kisha nitamrudisha shuleni, mahali ninapopafahamu zaidi.

Ligi ya kulipwa ya Marekani, iitwayo NBA, ina timu 30. Kila timu hucheza mechi 82 katika msimu wa kawaida. Baada ya hapo timu 16 huingia katika mtoano, ambamo timu mbili hukutana tena na tena mpaka mmoja atimize ushindi wa mechi 4. Kwa hiyo mechi zao haziwezi kuzidi 7. Anayebaki wa mwisho ndiye bingwa, na wachezaji wake huvishwa pete.

Mjukuu wangu alianza kuifuatilia ligi hiyo mwaka 2009, pale kijana wa Dar es Salaam, Hasheem Thabeet, alipochaguliwa na Memphis Grizzlies akiwa wa pili katika orodha ya wachezaji wapya. Wa saba katika orodha hiyohiyo alikuwa kijana mwembamba, Stephen Curry, aliyechukuliwa na Golden State Warriors. Mjukuu wangu alianza kwa kumpenda wa pili kwa sababu ni wa kwetu, akaishia kumpenda na wa saba kwa sababu ya mkono wake. Nami, kwa kukaa naye sebuleni, nikajikuta nimeambukizwa.

Basi ulifika msimu wa 2015 hadi 2016. Warriors, waliokuwa mabingwa watetezi, walishinda mechi 24 za mwanzo mfululizo. Kocha wao, Steve Kerr, alikuwa akiuguza mgongo, hata mechi 43 za kwanza zikaongozwa na msaidizi wake, Luke Walton. Ilipofika tarehe 13 Aprili 2016 walikuwa wameshinda mechi 73 na kupoteza 9 tu. Rekodi waliyoivunja ilikuwa ya Chicago Bulls, walioshinda 72 katika msimu wa 1995 hadi 1996. Na Kerr mwenyewe alikuwa mmoja wa wachezaji wa Bulls hao. Curry peke yake alifunga mitupo 402 ya pointi tatu, na kabla yake hakuna aliyewahi kufikisha hata 300 kwa msimu. Alipopigiwa kura ya mchezaji bora, wapiga kura wote bila kubaki hata mmoja walimtaja yeye, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Walipofika fainali walikutana na Cleveland Cavaliers ya LeBron James, iliyokuwa imeshinda mechi 57. Baada ya mechi nne Warriors walikuwa na ushindi 3 dhidi ya 1, na katika historia ya fainali hizo hakuna timu iliyowahi kutoka katika shimo hilo. Lakini mchezaji wao Draymond Green akafungiwa mechi ya tano, na katika mechi hiyohiyo Andrew Bogut akaumia goti. Cleveland wakashinda ya tano, wakashinda na ya sita.

Mechi ya saba ilichezwa Oakland tarehe 19 Juni 2016. Kwetu ilikuwa usiku wa manane wa kuamkia tarehe 20, tena katikati ya Ramadhani. Tulikula daku macho yetu yakiwa katika kioo cha kompyuta ya mjukuu wangu. Mimi, kwa mazoea ya mwalimu, nilikuwa nimejumlisha pointi zote za mechi sita zilizotangulia: Warriors 610, Cleveland 610. Nilirudia hesabu mara tatu nikidhani nimekosea. Na katika dakika za mwisho za mechi ya saba walikuwa 89 kwa 89. Andre Iguodala alikimbilia kikapu kufunga, LeBron James akatokea nyuma na kuubandika mpira kwenye ubao. Kisha Kyrie Irving akatupa pointi tatu, ikaingia. Mwisho ulikuwa 93 kwa 89. Curry, yule wa mitupo 402, siku hiyo alitupa mara 19 akapata 6.

Mjukuu wangu alifunga kompyuta akasema, "Basi, babu, zile 73 zilikuwa kazi bure."

Nilitaka kumjibu papo hapo, nikashindwa. Sababu ya kushindwa kwangu nitaieleza hivi punde.

Watu wana majibu mawili ya haraka kwa swali hili. Wa kwanza husema kwamba ukweli umo katika msimu mzima, na fainali ni bahati tu. Wa pili husema kwamba asiye na pete hana kitu. Nimeyapima yote mawili na kuyaona yana upungufu.

Anayesema fainali ni bahati hawatendei haki Cleveland. Hawakuiba kikombe. Walikuwa wamebakiza mechi moja tu ya kupoteza, wakashinda tatu mfululizo, mbili kati ya hizo ugenini. Zaidi ya hayo, Warriors wenyewe, raundi moja kabla ya hapo, walikuwa nyuma kwa 3 dhidi ya 1 mbele ya Oklahoma City Thunder, wakasimama na kushinda. Aliyeokolewa na sheria jana hana mdomo wa kuilalamikia leo. Tena wale waliotunga sheria hawakukosa busara. Walijua kwamba siku moja huweza kudanganya, ndiyo maana wakaweka mechi hadi saba. Lakini hata ungeweka ngapi, mwisho mstari lazima uchorwe mahali, na wako watakaoangukia upande wa pili kwa unywele mmoja. Ligi yetu ya soka humpata bingwa kwa jumla ya pointi za msimu, bila fainali. Lakini huko nako tofauti ya pointi moja huacha watu wakilia. Hakuna kipimo kisichokuwa na ukingo.

Naye anayesema asiye na pete hana kitu, huyo anachanganya mambo mawili: uamuzi na ukweli. Uamuzi hujibu swali moja tu: nani apewe kikombe? Ukweli ni mpana kuliko hapo. Mechi 73 zilichezwa, na watu walizishuhudia. Cleveland kubeba kikombe hakukufuta hata moja kati ya hizo. Mpaka leo zimeandikwa katika kitabu kilekile kilichoandika ushindi wa Cleveland, na mkono ulioandika ni mmoja.

Sasa niseme kwa nini nilishindwa kumjibu mjukuu wangu.

Mwaka 1984 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi mkoani Tanga. Nilikuwa na mwanafunzi wa kike aliyeongoza darasa lake tangu la tatu mpaka la saba. Siku ya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi aliletwa na mama yake akiwa na homa kali, amejifunga khanga mbili na bado anatetemeka. Alifanya mtihani hivyohivyo. Nafasi za sekondari wakati ule zilikuwa chache mno. Majina yaliporudi, la kwake halikuwamo.

Baada ya wiki moja baba yake alikuja ofisini kwangu. Alikuwa mvuvi, mtu wa maneno machache. Alikuwa amesikia kuna shule ya watu binafsi iliyokuwa tayari kumfikiria mtoto kama angekuwa na barua ya mwalimu mkuu inayoeleza maendeleo yake. Nilimwambia, "Mzee wangu, mtihani umeshasema. Mimi siwezi kusema zaidi ya mtihani."

Akanijibu, "Mwalimu, sikuombi umwongezee alama. Nakuomba uandike ulichokiona."

Sikuandika. Nilijiambia kwamba nalinda haki, kwamba nikimwandikia huyu na wengine watakuja. Kabatini nyuma ya kiti changu lilikuwamo daftari lenye alama zake za miaka yote, kwa mwandiko wa walimu wangu na wangu mwenyewe. Mkono wangu ungelifikia bila mimi kuinuka.

Kwa miaka mingi nilijitetea kwamba kosa, kama lilikuwapo, lilikuwa la mtihani. Usiku ule wa Juni ndipo nilipoona wazi kwamba sivyo. Mtihani haukusema uongo. Uliulizwa nani achukue nafasi chache zilizokuwapo, ukajibu kwa kadiri ya karatasi zilizokuwa mbele yake. Wala baba yule hakuniomba niubatilishe. Mimi ndiye niliyesema uongo, kwa kunyamaza. Niliulizwa jambo nililolijua, nikaiacha karatasi ya siku moja ijibu mahali pangu.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali nililoanza nalo ni hili. Si dhuluma kuwapo kwa siku ya mwisho. Bila hiyo hakuna nafasi itakayogawanywa wala kikombe kitakachotolewa, na watu wangegombana mpaka kiama. Dhuluma huanza pale wenye mamlaka wanapoitumia siku hiyo kufuta siku nyingine zote. Anayesimamia sheria ana kazi mbili: kumpa kikombe aliyeshinda bila kusitasita, na kumshuhudilia aliyeshindwa kwa yale aliyoyatenda kweli. Kazi ya kwanza inatekelezwa na wengi, maana ina kelele na vigelegele. Ya pili haina anayeishangilia, nayo hudai mtu anyooshe mkono hadi kabatini.

Baada ya sekondari kumpita, mwanafunzi wangu yule alijifunza kushona, akaolewa, na leo ni mama wa watu wazima. Tukikutana sokoni huniamkia, "Shikamoo, mwalimu," nami huitikia, "Marahaba, mwanangu." Sijapata kumsikia akinilaumu. Mwaka 2017, baada ya kulifikiria jambo hili kwa miezi mingi, nilimweleza juu ya barua ile. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Baba alituambia ulikataa. Ila alisema labda hukuruhusiwa."

Niliruhusiwa. Hakuna aliyenikataza. Nilimwambia hivyo, kwa kuwa huo ndio ushahidi pekee niliokuwa bado naweza kuutoa.

Na mjukuu wangu nilimjibu vilevile, ingawa kwa kuchelewa. Nilimwambia kwamba zile 73 hazikuwa kazi bure. Hazikuleta pete, ni kweli, na pete ilikwenda kwa wanaostahili. Lakini kazi iliyotendeka mbele ya mashahidi huwa bure pale tu mashahidi wanapokataa kusema.