Herufi za Daftari la Rambirambi

Katika msiba mmoja hapa Itaka, wilayani Mbozi, wazee walinikabidhi daftari la rambirambi. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mparachichi, kalamu ya bluu mkononi, watu wakawa wanakuja mmoja mmoja. Bibi mmoja alifungua pindo la kitenge chake, akatoa noti ya shilingi 2,000 iliyokunjwa mara nne, inanukia moshi wa jikoni. Alisimama palepale hadi nilipomaliza kuandika jina lake, ndipo akaenda kuketi na wenzake mkekani. Baadaye kidogo ikaingia gari nyeupe yenye vioo vyeusi, akashuka kijana aliyezaliwa hapahapa kijijini, ambaye kwa miaka kadhaa sasa makazi yake ni Tunduma. Akanipa bahasha yenye shilingi 500,000. Wazee waliinuka kumpokea, vijana wakampisha, mama mmoja akamkimbilia na kiti chenye mto. Shughuli yake ya mjini hakuna aliyeijua, na hakuna aliyeuliza. Sina neno dhidi yake, na huenda jasho lake ni safi kuliko langu. Kinachonikosesha raha ni sisi wenyewe. Sisi ambao mtoto akirudi nyumbani na ndizi mbili tunamshika mkono na kumuuliza kazitoa wapi, siku ile hatukutamani kujua.

Tunduma ni mji wa njia. Barabara kuu iendayo Zambia huvuka mpaka pale kuingia Nakonde, reli ya TAZARA nayo hupita, na malori hupanga foleni usiku na mchana. Tangu mwaka 2019 Tanzania na Zambia zina kituo cha pamoja cha forodha, na wengi mno wanaopita hapo ni watu wa haki: madereva wenye macho mekundu kwa kukosa usingizi, wanawake wa mahindi na mchele, vijana wa kubadilisha kwacha. Lakini njia haina uwezo wa kuchagua mpitaji. Kwa miaka mingi heroini imekuwa ikitoka Afghanistan, ikipakiwa majahazini kwenye pwani ya Makran huko Iran na Pakistan, ikivuka Bahari ya Hindi hadi fukwe za Kenya, Tanzania na Msumbiji, kisha sehemu yake ikishika barabara kuelekea Afrika Kusini. Mtaani tunaiita unga. Wabebaji ni punda, na wenye mali ni mapapa. Punda huonekana gazetini akiwa na pingu. Papa huonekana harusini na msibani, tena kiti cha mbele.

Miongoni mwa mapapa wa pwani hii, nyumba iliyovuma kuliko zote ni ile ya Akasha wa Mombasa. Baba, Ibrahim Akasha, aliuawa kwa risasi mjini Amsterdam mwezi Mei mwaka 2000, akitembea barabarani na mkewe. Mtu angetarajia kwamba kifo cha namna ile, ugenini, mchana kweupe, kingeifunga biashara. Hakikuifunga. Mwaka 2002 mwanawe mmoja, Kamaldin, naye aliuawa kwa risasi, safari hii Mombasa kwenyewe. Ndugu zake wawili, Baktash na Ibrahim, walikamatwa humohumo Mombasa mwezi Novemba 2014, baada ya kuuza kilo 99 za heroini kwa watu waliokuwa wakiwafanyia kazi wapelelezi wa Marekani. Januari 2017 walisafirishwa hadi New York, wakakiri makosa yao, likiwamo la kuwahonga maofisa wa Kenya ili kesi yao isogezwe mbele na isogezwe tena. Baktash alihukumiwa miaka 25 mwaka 2019, na mwaka uliofuata mdogo wake akapewa 23. Mtoto huyu mdogo alibeba jina la baba yake lilivyo, na ndani ya jina akabeba na deni.

Hapo ndipo fikra zangu hukwama kila mara. Kwa nini uhalifu wa aina hii, kutoka Mombasa hadi kusini mwa Italia, hupenda kujiita familia? Nadhani ni kwa sababu umegundua kwamba bunduki humtisha mtu kwa siku moja, lakini udugu humfunga maisha. Umechukua mambo yaleyale tunayofundishwa tukiwa watoto, kusitiriana, kumshukuru aliyekufadhili, kutomwanika ndugu mbele ya wageni, ukayafanya kufuli la nyumba yake. Tunaposema damu ni nzito kuliko maji tunataja tunu. Mwenye biashara ya unga huisema methali hiyohiyo, kwa sauti ileile, naye ana maana nyingine kabisa. Na ubaya ni kwamba anayesikiliza hawezi kutofautisha, kwa kuwa kweli amelipiwa ada ya mtoto, kweli amejengewa kisima, kweli mama yake alipelekwa hospitali.

Wapo wanaosema zama za familia hizi zimepita, kwamba leo uhalifu uko kwenye simu na kompyuta, na wazee wa bastola wamebaki kwenye sinema. Mimi namtazama Matteo Messina Denaro wa Sicily. Baba yake alikuwa bosi wa mafia katika eneo la Castelvetrano, naye akairithi nafasi hiyo. Alijificha mwaka 1993, akakamatwa Januari 2023 akiwa kliniki mjini Palermo, mgonjwa wa saratani iliyomuua mwaka huohuo. Kwa miaka 30 polisi walimsaka, na ikaja kubainika kwamba makazi yake ya mwisho yalikuwa Campobello di Mazara, jirani kabisa na mji aliozaliwa. Mtu wa namna hiyo hununua mkate. Huugua, akaandikiwa dawa. Hupita dirishani kwa watu. Wangapi walimpa salamu ya asubuhi katika miaka yote ile? Na kila mmoja wao, alipofunga mlango wake, alijiambia nini?

Kalabria, ng'ambo ya mlango wa bahari kutoka Sicily, ndiko iliko 'Ndrangheta, ambayo imesukwa kwa damu hasa: baba, wana, wakwe, binamu. Huko kumsaliti bosi ni kumsaliti mzazi, ndiyo maana waliothubutu kusema ni wachache. Jaji Roberto Di Bella, aliyeongoza mahakama ya watoto ya Reggio Calabria, alifika mahali akaona kwamba watoto wanaoletwa mbele yake ni ndugu wadogo na wana wa wale aliowahukumu miaka mingi nyuma. Majina ya ukoo ni yaleyale, sura zinafanana. Kuanzia mwaka 2012 alianza kutoa amri za kuwaondoa baadhi yao katika nyumba zao na kuwapeleka mbali, wapate kuona kwamba ipo namna nyingine ya kuishi. Mpango huo uliitwa Huru Kuchagua. Kumtenga mtoto na mama yake ni jambo zito, nami siwezi kulisema kwa wepesi. Ila wapo akina mama waliomwendea jaji yule wenyewe, wakamwomba awachukue watoto wao kabla jina halijawameza. Nimejaribu kuwaza safari ya mama wa namna hiyo kutoka nyumbani kwake hadi mlango wa mahakama. Nadhani hakuna aliyeipenda familia yake kuliko yeye.

Urithi wetu hapa Mbozi ni mwingine: baba anayejiona anazeeka humchukua mwanawe shambani na kumwonyesha mibuni: hii niliipanda mwaka uliozaliwa, hii ilikatwa ikachipua, ile pale usiing'oe, ndiyo iliyokusomesha. Mche wa kahawa hukukalisha miaka mitatu au zaidi kabla haujakupa kitu cha maana, na bei ya mnada hupanda na kushuka bila kukuuliza. Kijana aliyesimama kati ya mistari ile, akisikia malori yakinguruma usiku mwingi upande wa barabara kuu, tunamwambia asubiri. Anasubiri akitutazama. Anaona tunamwinukia nani na tunamwacha nani ajitafutie mahali mkekani.

Daftari la msiba ule bado ninalo. Wenye msiba walitaka litunzwe, maana rambirambi ni deni, siku moja zitarudishwa. Juzi nililifungua kutafuta jina la jirani. Nikakuta ukurasa wa siku ile, wino umeanza kupauka. Jina la yule bibi lipo, limebanwa pembeni, na 2,000 yake unaisoma kwa shida. Mistari minne chini yake liko jina la kijana wa Tunduma. Kalamu ni ileile na mkono ni uleule, wa kwangu, wala hakuna aliyeniagiza. Herufi zake ni kubwa mara mbili.